Namba ya OB

Kibanda changu kiko hapa Amu, yaani mji wa Lamu, hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni, ukiipa ngome mgongo na kuingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ndani mna mashine ya fotokopi, printa mbili ambazo moja ni mgonjwa wa kudumu, kompyuta, kidude cha kulamineti vitambulisho, na benchi la kukalia mtu mmoja na nusu. Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Maombi ya basari, mapatano ya kuuziana punda, barua kwa chifu, barua kwa baba mkwe anayemzuia binti yake asirudi kwa mumewe. Na kwa miaka kumi na kitu sasa, malalamiko juu ya polisi.

Mwaka juzi, Jumatatu moja ya kaskazi, aliingia mama mmoja wa makamo, pindo la buibui limelowa maji ya boti. Alikuwa ametoka kisiwa cha jirani alfajiri. Hata salamu aliimaliza akiwa bado anahema.

"Mwanangu, niandikie barua. Kijana wangu wamemvunda mkono. Ijumaa wamemtukua, yana usiku ndipo wamenirudishia."

Nikamuuliza swali ninalowauliza wote kabla sijaigusa kompyuta: "Bi, una namba ya OB?"

"Obi ndiyo nini?"

Hapo nikajua siku itakuwa ndefu.

Kijana wake ni mvuvi. Ijumaa jioni alikuwa anapandisha samaki gatini, askari wakamtaka kitambulisho, naye kitambulisho alikiacha nyumbani kwa sababu baharini kinalowa. Pakawa na maneno. Kitako cha bunduki kikashuka kwenye kigasha cha mkono. Akalala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mkono umevimba kama mhogo, na Jumapili usiku akaambiwa aende zake. Hakufikishwa mbele ya hakimu, hakusomewa kosa, hakupewa karatasi. Mama alipokwenda kituoni kuuliza ni kwa nini mwanawe amevunjwa, aliyekuwa zamu alifungua kitabu, akapitisha kidole, akamwambia kwa upole kabisa kwamba mtu huyo hawajawahi kumshika.

Kitabu hicho ndicho OB, kitabu cha matukio. Kwa wasiokijua: ni daftari kubwa la jalada gumu linalokaa kaunta ya kila kituo cha polisi nchini Kenya. Humo huandikwa kila kitu. Zamu imepokelewa saa ngapi, bunduki na risasi ngapi zimehesabiwa, mahabusu ni wangapi na wamekula au hawajala, nani kaja kuripoti mbuzi aliyepotea. Kila tukio hupewa namba yake ya siku hiyo, ikifuatwa na tarehe. Ukipewa namba hiyo, shauri lako limezaliwa. Hospitali itakuuliza namba hiyo, mahakama itaiuliza, mwajiri ataiuliza, hata ukipoteza kadi ya simu wataiuliza. Usipoipata, wewe na shida yako hamjatokea.

Watu wakizungumzia nguvu za polisi huzungumzia bunduki na rungu. Sibishi, mkono wa yule kijana haukuvunjwa na kalamu. Lakini kwa kazi hii ninayofanya nimefika mahali pa kuamini kwamba nguvu kubwa zaidi ya polisi ni ile kalamu ya kaunta. Bunduki hufyatuliwa mara moja moja. Kalamu hutumika kutwa kucha, na inapodhulumu, mara nyingi hudhulumu kwa kutoandika.

Tazama hesabu ya siku zake. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Na saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, basi siku ya mahakama inayofuata. Zamani, chini ya katiba ya kale, mtu aliyeshukiwa kwa kosa la kunyongwa aliweza kukaa siku 14. Kwa hiyo tumepiga hatua, na hatua kubwa. Ila hapo kwenye "siku inayofuata" ndipo palipotobolewa tundu. Anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu asubuhi na sheria ikawa bado nzima. Wakenya wa bara wana jina lake, kamatakamata ya Ijumaa, nasi tumeliazima. Kijana wa yule mama aliachiliwa Jumapili usiku, saa chache kabla ya mlango wa mahakama kufunguliwa. Mtu asiyeijua sheria hawezi kupiga hesabu safi namna hiyo.

Na kabla sijaendelea kuwatupia wengine mawe, niseme langu. Aliyepigwa anahitaji fomu ya P3, ile inayojazwa na daktari kueleza majeraha. Fomu hiyo ni bure. Lakini vituo huishiwa na fomu, au husema vimeishiwa, na mtu huambiwa akatoe kopi mjini. Atatoa wapi? Kwangu. Nina P3 safi kwenye kompyuta, kurasa zake zote, shilingi kumi kila ukurasa. Kuna miezi ambayo P3 pekee zimenilipia umeme. Kwa hiyo ninapoandika hapa kwamba mfumo huu unamtafuna mnyonge, mjue nami nimo kwenye sinia, ninakula upande wangu.

Kutoka kwenye benchi langu, mtu akiinama kidogo anaiona ngome. Watalii huambiwa ilikamilika mwaka 1821, wakapiga picha, wakaenda kunywa maji ya ndimu. Wachache huambiwa kwamba Waingereza waliifanya jela mwaka 1910, na kwamba ilibaki jela hadi 1984. Piga hesabu: uhuru ulikuja 1963, na kwa miaka 21 baada ya bendera kupandishwa, katikati ya mji wetu, mbele ya soko, paliendelea kuwa na jela ileile, kuta zilezile. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba walipokuwa watoto waliijua saa kwa sauti za wafungwa wakihesabiwa. Polisi nao ni hivyohivyo. Wakoloni waliwaunda walinde reli, wakusanye kodi ya nyumba na wanyamazishe waliokataa. Serikali mpya ilirithi jengo pamoja na funguo.

Na sisi watu wa Amu tulirithi kitu cha ziada ambacho wenzetu wa Nairobi hawakukijua. Wakati wa vita vya Shifta, vya waliotaka Kaskazini Mashariki ijitenge na Kenya, katika miaka ya sitini, sheria za hali ya hatari zilitufikia huku. Watu walihama vijiji vya bara upande wa Kiunga, wengine hawakurudi tena. Halafu mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga, na sheria hiyo inawataja watu kwa wilaya zao: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na pamoja nao Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ilisema kwamba kwa yaliyotendwa na maofisa wa serikali katika maeneo hayo kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967, ilimradi yalitendwa kwa nia njema ya kulinda usalama, hakuna atakayeshtakiwa wala kudaiwa fidia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kicheko kibaya. Jina la wilaya yetu, ambalo huwa linasahauliwa hata kwenye utabiri wa hali ya hewa, hapo lilikumbukwa na kuandikwa vizuri.

Ndiyo maana mzee akija kwangu na kusema "mambo ya askari yaache yalivyo," simbishii haraka. Hajatoa woga wake hewani.

Halafu yakaja mageuzi. Naomba nisiyadharau, kwa sababu nilisimama foleni Agosti 4, 2010 na kuyapigia kura kwa mkono wangu. Tulikuwa tumetoka kwenye vurugu za uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133, na kati yao 405 walikufa kwa risasi, nyingi zikiwa za polisi. Mwaka 2009 kikosi kilichoongozwa na jaji mstaafu Philip Ransley kikatoa mapendekezo zaidi ya 200 ya kuwageuza polisi. Katiba ikayabeba mengi. Polisi wa kawaida na polisi wa utawala wakawekwa chini ya Inspekta Jenerali mmoja, mwenye kipindi kimoja cha miaka minne, ambaye waziri haruhusiwi kumwambia mchunguze huyu, mwache yule. Ikaundwa tume ya kuajiri na kuadhibu. Na kwa sheria ya 2011 ikaundwa IPOA, Mamlaka ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, inayoongozwa na raia, na ambayo polisi wanalazimika kuipasha habari kila mtu anapouawa au kuumizwa vibaya mikononi mwao.

Hata jina lilibadilishwa. Kwa Kiingereza walikuwa jeshi, wakawa huduma. Ndugu zetu wa Tanzania bado wanasema Jeshi la Polisi bila kumung'unya. Sisi tunasema Huduma ya Taifa ya Polisi, kwenye barua. Mdomoni, hapa Amu, ni "askari" tu, neno lilelile la mwanajeshi, na sijapata kumsikia mtoto akipiga kelele kichochoroni kwamba "huduma inakuja".

Mwaka wa kwanza wa kupima mageuzi hayo huku kwetu ulikuwa 2014. Usiku wa Juni 15, watu wa Mpeketoni, mji wa bara wa kaunti yetu ya Lamu, walikuwa wanatazama Kombe la Dunia. Wakaja watu wenye bunduki, wakaua wanaume, wakachoma nyumba na magari, na usiku uliofuata wakaendelea kwenye vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Al-Shabaab wakasema ni wao. IPOA ilichunguza jinsi polisi walivyoitikia, ikakuta kuchelewa na amri zisizojulikana zinatoka kwa nani. Ningependa wale wanaopenda kusema "polisi wapunguzwe" waje wakae na mjane wa Mpeketoni saa moja. Yeye shida yake ni kwamba usiku ule aliwahitaji polisi na hawakuwako.

Kisha wakaja, wakajaa. Julai 20 ikatangazwa kafyu kwa kaunti nzima, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kumi la mwisho la Ramadhani lilikuwa limeshaingia. Adhana ya magharibi na kafyu zilikuwa zinakutana mlangoni. Kwa mji ambao usiku wa Ramadhani ndio mchana wake, nyumbani kwetu tulisali tarawehe ukumbini, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia, na mjomba aliyekuwa mgeni akakaa nasi hadi asubuhi kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mitaa miwili kutoka kwetu.

Wavuvi ndio walioumia zaidi. Maji hayaendi kwa saa ya serikali. Bamvua ina wakati wake na maji mafu yana wakati wake, na kuna samaki wa usiku ambaye ukimfuata mchana utarudi na nyavu kavu. Kafyu iliongezwa, ikaongezwa tena. Barua yangu ya kwanza ya malalamiko niliiandika wakati huo, kwa mtu aliyepigwa akivuta dau pwani, dakika chache baada ya saa kumi na mbili na nusu. Nilimwandikia bure. Nilikuwa nimesoma Katiba, nikajaza kurasa mbili za vifungu, nikajisifu moyoni. Barua ilirudi na swali moja: namba ya OB?

Hakuwa nayo. Hakuna aliyetaka kumwandikia.

Tangu siku hiyo ndipo nikaanza kulitazama lile daftari kwa jicho jingine. Na yaliyotokea baadaye mbali na hapa yalinizidishia. Juni 2016, Josephat Mwenda, dereva wa bodaboda, alikuwa amefanya kile hasa ambacho sheria mpya ilimwambia afanye: alipigwa risasi na polisi, akapeleka malalamiko IPOA. Wakili wake, Willie Kimani, alikwenda naye mahakamani Mavoko. Walipotoka, wao na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa na kufungiwa kwenye kontena la kambi ya polisi wa utawala. Humo ndani wakili akaandika kwenye karatasi ya chooni namba ya simu ya mkewe na kwamba wako hatarini, akaitupa nje. Mtu akaiokota. Siku chache baadaye miili yao watatu ilitolewa mtoni. Ilichukua hadi Julai 2022 mahakama kuwatia hatiani maofisa watatu na mpashaji habari wao, na Februari 2023 kuwahukumu.

Kwangu mimi, kile kipande cha karatasi ya chooni ndicho OB ya siku ile. Wakili msomi, mwenye sheria zote kichwani, alijua kwamba kinachomtenganisha na kupotea ni kuandikwa mahali fulani, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwandika, alijiandika mwenyewe.

Na Juni 2025, Albert Ojwang. Alikamatwa Homa Bay kwa maneno ya mtandaoni yaliyomhusu mkubwa mmoja wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia kituoni. Kalamu ya kwanza ilikuwa ya polisi, nayo iliandika kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha amepigwa kichwani na kubanwa shingo. Kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile. Mwaka mmoja kabla, kwenye maandamano ya kupinga mswada wa fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa wasiopungua 60.

Usiku, umeme ukiwapo, hupenda kusoma jinsi nchi nyingine zilizotoka kwenye mikono ya watu wakali zilivyojaribu kuwaosha polisi wao. Si kwamba napata jibu. Napata wenzangu. Afrika Kusini, baada ya 1994, walibadilisha jina kama sisi, wakaondoa na vyeo vya kijeshi ili afisa wa polisi asijione jenerali. Mwaka 2010 majenerali wakarudishwa. Agosti 16, 2012, huko Marikana, polisi wakawaua wachimba migodi 34 waliokuwa kwenye mgomo. Sisemi vyeo ndivyo vilivyofyatua risasi. Nasema tu kwamba mlango uliofungwa kwa mbwembwe ulifunguliwa bila shida.

Wanaonichanganya zaidi ni watu wa Georgia, ile nchi iliyokuwa ya Usovieti. Wao walithubutu. Baada ya mapinduzi yao ya 2003, serikali mpya ikawafukuza polisi wote wa barabarani, maelfu kwa mpigo, kwa kuwa walikuwa wameoza kwa hongo. Wakaajiri vijana, wakawalipa vizuri, wakajenga vituo vya vioo ili mpita njia aone ndani. Hongo ya barabarani ikaisha kweli. Nikiwasimulia wateja wangu habari hiyo, wote humaka, kisha huuliza lini tutafukuza wetu. Lakini sehemu ya pili ya hadithi haisimuliwi sana. Novemba 2007 polisi wa serikali hiyohiyo waliwapiga waandamanaji mjini Tbilisi, na mwaka 2012 zikatoka video za wafungwa wakiteswa, serikali ikaanguka kwenye uchaguzi. Kioo kinakuonyesha kaunta. Hakikuonyeshi simu ya mkubwa inayopigwa kwenye kaunta hiyo. El Salvador nao, kwa mkataba wa amani wa 1992, walivunja polisi wa zamani na kuanza upya kabisa, wakichanganya raia, polisi wa kale na waliokuwa waasi. Miaka 30 baadaye, Machi 2022, wakatangaza hali ya dharura, makumi ya maelfu wakakamatwa, na wananchi wengi wakashangilia kwa sababu magenge yalikuwa yamewachosha. Hapo nilimkumbuka tena mjane wa Mpeketoni. Nikaizima simu, sikulala.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna mtu sijamtaja, naye ni polisi.

Ni kijana wa bara, ana miaka ishirini na kitu, huja kwangu akiwa na fulana ya raia kuandikiwa barua za kuomba uhamisho. Tumeshaandika tatu. Kabla ya kuletwa kisiwani alikuwa upande wa msitu wa Boni, ambako operesheni ya usalama ilianza 2015 na haijaisha, na ambako mabomu ya kutegwa barabarani yamewaua wenzake wengi. Ananiambia kuhusu chumba anacholala wawili, pazia likiwa ndilo ukuta kati yake na mwenzake aliyeoa. Huwa ananilipa kwa wakati, na hajawahi kuniomba punguzo, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu walimu.

Siku moja nilimuuliza, kama utani, ni kwa nini wanakataa kumwandikia mtu aliyepigwa na mwenzao.

Hakucheka. "Ustadh," akasema (ananiita hivyo kwa sababu ya kofia, mimi ustadh wa printa tu), "nikiandika, bosi atasoma saa mbili asubuhi. Saa tatu niko kwenye boti ya kurudi msituni. Wewe ungeandika?"

Sikumjibu. Nilichapisha barua yake, nikaipiga muhuri wa nyota wa kibanda changu usio na maana yoyote kisheria, akaondoka.

Hilo swali limekaa nami kuliko ripoti zote nilizosoma. Ripoti huongea juu ya tume, bodi, Inspekta Jenerali, majaribio ya kuwapima maofisa. Hayo yote yanatendeka juu. Chini, kaunta, kuna kijana wa cheo cha mwisho anayeshika kalamu, na juu ya kijana huyo kuna mtu mmoja tu anayeweza kumharibia maisha, naye si Katiba. Ofisi ya IPOA ninayoiandikia iko Mombasa. Boti hadi Mokowe, halafu basi zaidi ya kilomita 300, kupita Witu, Garsen na Malindi, na vizuizi ambapo abiria wote hushuka na vitambulisho mkononi. Mara kadhaa serikali imetangaza kwamba OB itakuwa ya kompyuta, mtu asiweze kuchana ukurasa. Naunga mkono, na si kwa sababu nauza fotokopi. Ila kompyuta nayo hubonyezwa na kidole cha kijana yuleyule.

Yule mama. Nilifunga kibanda saa nne, jambo ambalo huwa sifanyi Jumatatu, tukapanda boti pamoja. Njiani nilimwandikia maelezo kwa mkono, kurasa mbili, tarehe, saa, gati, majina ya waliokuwako. Sikuweka kifungu hata kimoja. Nimejifunza. Kituoni aliyekuwa kaunta alikuwa mwingine, mwanamke, amechoka, sare yake ya buluu imepauka mabegani. Akatuambia OB haiandikwi kwa mtu aliyekwisha kuachiliwa. Nikamwambia hatukuja kuandikisha kukamatwa, tumekuja kuandikisha mkono uliovunjika. Akasema tumngoje mkubwa. Mama akakaa chini, sakafuni, akatandaza leso, akatoa tasbihi.

Tuliwasili saa tano. Adhuhuri ikapita. Mama alisali palepale kwenye leso yake, mbele ya kaunta, na watu waliokuja na shida zao wakawa wanamzunguka. Askari mmoja akamletea maji. Saa tisa mkubwa alikuwa bado hajafika, na yule mwanamke wa kaunta alikuwa ametutazama mara nyingi kiasi cha kunifanya nione haya kwa niaba yake. Alasiri ilipoadhiniwa, mama akainuka tena kwenda kutawadha. Aliporudi, yule askari alikuwa amelifungua daftari. Hakusema neno. Aliandika mistari minne, nadhani mitano, mkono ukienda haraka, kisha akauliza nani ana karatasi. Sote tulikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na mfuko mzima. Lakini mama alikuwa ameshanyosha kiganja.

Akamwandikia kiganjani.

Kwenye boti ya kurudi Amu alikaa mkono ameufumba, ameuinua juu ya maji yaliyokuwa yanaruka, kama aliyeshika kifaranga. Kijana wake anatibiwa; mfupa uliunga vibaya kidogo, na nyavu sasa anavutiwa na mdogo wake. Faili liko Mombasa, nimelipigia simu mara sita.

Jioni ile tulipofika kibandani, alifumbua mkono mbele ya taa. Wino ulikuwa umeanza kutambaa kwenye mistari ya kiganja, lakini namba ilisomeka: tukio la 31, mkwaju, tarehe. Nikainakili kwenye kadi nyeupe kwa herufi kubwa, nikampa. Akaitazama, akanirudishia.

"Itie ile nailoni," akasema.

Nikaiwasha mashine, tukangoja ipate moto. Kulamineti ni shilingi hamsini. Nikamwambia aache. Akafungua fundo la leso, akanihesabia hamsini yangu juu ya meza.